Karai Badala ya Tanuri

Kibera ilianza na askari. Kuanzia mwaka 1904 hivi, Wanubi wa King's African Rifles, wanajeshi wenye asili ya Sudan, waliruhusiwa kukaa na familia zao katika msitu uliokuwa kusini-magharibi mwa Nairobi, mji ambao wakati huo ulikuwa na umri wa miaka mitano tu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza rasmi ekari 4,197 za msitu huo kuwa za matumizi ya jeshi. Wanubi walikuja na mambo yao ya jikoni: kisra na gurusa, mikate inayoiva juu ya bamba la moto, na tabaga, vile vifuniko vya ukili vilivyosukwa kwa rangi kali ambavyo bado hufunika sinia za chakula mtaani Makina siku ya Idi. Tanuri halikuwemo. Wala halikuja baadaye, ila mara moja tu, na kukosekana kwake ndiko kunakoeleza karibu kila kitu kinacholiwa na chai asubuhi huko Kibera, na vilevile katika mtaa wa Kawangware.

Ngano nayo ilikuwa mbali, Njoro katika Bonde la Ufa. Huko mlowezi Mwingereza, Lord Delamere, alipanda mashamba makubwa ya ngano mwanzoni mwa karne ya 20, na kutu, ule ugonjwa wa ukungu unaopaka mabua rangi ya chuma kikuukuu, ikayafagia. Akamwajiri mtaalamu, G. W. Evans, atafute mbegu zinazostahimili. Mwaka 1908 kampuni ya Unga Limited ilianzishwa, Delamere akiwa miongoni mwa waasisi wake; ndiyo inayosaga unga wa EXE mpaka leo. Kutu haikuisha. Aina mpya iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, Ug99, iliitisha dunia kiasi kwamba ngano kutoka nchi nyingi zikawa zinaletwa kupimwa Njoro, palepale alipoumia Delamere.

Kwa miongo mingi unga huo mweupe haukuwa wa mfanyakazi wa Kiafrika. Yeye alipimiwa posho ya mahindi. Waliomfundisha kula ngano si Wazungu waliokuwa na matanuri, bali watu wa bamba na karai. Kati ya 1896 na 1901 Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kujenga reli ya Uganda. Wengi walirudi kwao, lakini chapati ilibaki. Kutoka pwani yakapanda mahamri na mandazi ya Waswahili, yenye tui la nazi na iliki. Kadiri yalivyosogea bara ndivyo nazi ilivyopotea: Nairobi mandazi yakawa ya unga, sukari, maji na beki pauda, na iliki ikatiwa na mwenye nayo.

Biashara ya jikoni ya kwanza iliyoipa Kibera jina haikuwa ya unga hata kidogo. Ilikuwa pombe. Wanawake wa Kinubi walikeneka gongo iliyojulikana Nairobi nzima kama Nubian Gin, na serikali ikaipiga vita miaka nenda miaka rudi bila kuimaliza. Wakati huohuo Tume ya Ardhi ya Carter, iliyoketi 1932 hadi 1934, ikaamua kwamba Wanubi hawakuwa na haki ya kumiliki ardhi waliyokalia, ila walikuwa wapangaji wa hisani. Uamuzi huo ndio uliofanya Kibera kuwa vile ilivyo. Asiye na hati hajengi kwa mawe, na asiyejenga kwa mawe hatajenga tanuri.

Kawangware ilipita njia nyingine ikafika palepale. Yenyewe ilikuwa ardhi ya Wakikuyu wa Dagoretti, pembezoni mwa hifadhi yao, na ilimezwa na Nairobi mipaka ya mji ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Wenye ploti wakagundua kwamba vyumba vya mabati hulipa kuliko mahindi. Ukuta mmoja na Lavington, mtaa wa matajiri, kukawa na maelfu ya wapangaji wanaotoka kwa miguu alfajiri kwenda kufua, kulinda na kupalilia bustani za majirani. Kibera nako watu wakashika reli kwenda Industrial Area. Wote hao walitaka kitu cha kushibisha, cha bei ndogo, kinacholika ukitembea.

Chumba ni futi kumi kwa kumi, na ndani yake mna kitanda, watoto na jiko la makaa. Oveni ingekaa wapi? Basi ngano ikaingia mitaani kwa milango miwili: mkate wa kiwandani ndani ya nailoni, ulioletwa na gari, na unga wa pakiti uliopitia mikononi mwa mama wa jirani. Mlango wa pili ndio wenye hadithi.

Tazama kazi yenyewe. Unga hukandwa usiku kwenye beseni na kufunikwa. Saa kumi na moja karai liko motoni, nje ya mlango, mafuta yamejaa nusu. Muuzaji hudondosha kipande kidogo cha unga: kikizama na kukaa chini, bado; kikipanda haraka na povu kukizunguka, tayari. Anasukuma unga kwa chupa au mpini, anakata pembetatu kwa kisu, na mandazi karibu yajigeuze yenyewe, yakitaka kuguswa tu na mwiko wa matundu. Kufika saa moja ndoo ni tupu, na karai hilohilo linangoja viazi vya jioni.

Ukitaka kitu kigumu kuliko mandazi, agiza kangumu, kipande kizito kilichokaangwa kwa moto wa polepole, ambacho vijana pia hukiita KDF, jina la jeshi la nchi. Mtaa uliozaliwa na askari umewarudisha askari kwenye sahani ya chai.

Chapati ilichukua muda zaidi kushuka daraja. Katika nyumba nyingi za bara ilikuwa chakula cha Krismasi, na mtoto alihesabu siku Desemba ikikaribia. Bado ndicho chakula cha matembezi. Sikukuu ya Jamhuri au Krismasi, jua likiwa kali, familia za Kibera hutoka na chapati ndani ya hotpoti kuelekea Uhuru Gardens, mahali ilipopandishwa bendera usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, au Arboretum, bustani ya miti ya tangu 1907. Wengine hupaka jamu nyekundu ya plamu, wakunje, wale. Matunda halisi, maembe ya Makueni na mananasi ya Thika, huwa bei nafuu kuliko chupa ya jamu, na kwa ulimi wa mwandishi huyu embe lililoiva likipondwa juu ya chapati ya moto huishinda jamu yoyote ya dukani.

Siku za kawaida ni hesabu tu. Beli moja ya unga ni pakiti 12 za kilo mbili. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, Kenya, inayoagiza ngano yake nyingi kutoka nje, iliona pakiti ikivuka shilingi 200. Wauzaji wengi hawakuthubutu kupandisha bei. Walipunguza mandazi. Miaka miwili baadaye Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kutoza mkate wa kawaida ushuru wa asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa Juni, siku chache kabla ya waandamanaji kuingia Bungeni na mswada wote kutupwa.

Na tanuri? Lilifika Kibera mara moja kwa namna ya ajabu. Huko Laini Saba, msanifu majengo Jim Archer na kampuni yake ya Planning Systems walibuni Jiko la Jamii, lililochoma takataka za mtaa ili kupika, kuchemsha maji na kuoka. Wakazi walipopeleka taka, walipata moto. Wazo lilisifiwa dunia nzima, ila jiko moja halikuweza kuoka mkate wa kijiji kizima, sembuse vijiji zaidi ya kumi vya Kibera.

Machi 2025 Rais William Ruto aliahidi kuinunulia Nairobi mashine ya kutengeneza chapati milioni moja kwa siku kwa ajili ya watoto wa shule. Watu walicheka, lakini nia ya kulisha watoto haina kosa. Ila kabla ya kutegemea mashine, kaunti ingepiga hesabu ya kununua chapati hizo kwa wanaozipika tayari Makina kule Kibera, na Gatina na Kabiro kule Kawangware, na kuwajengea matanuri ya pamoja karibu na shule.