Bunia ilizaliwa njia panda, na umbali unalipwa na nani?

Ndugu wasikilizaji wa Bunia, na nyinyi familia ambazo vita imewatoa Djugu, Irumu na Mahagi na kuwaleta hapa kwetu, leo tunaongea historia ya barabara. Mama anayeishi Kigonze akitaka kufika soko kuu, ama anamlipa motari, ama anatembea kwa miguu na beseni kichwani. Feza anayompa motari inatoka ndani ya faida ya mboga zake. Umbali huo una historia yake.

Mji wetu haukuanza kwa sababu ya mfalme wala kwa sababu ya mto mkubwa. Ulianza kwa sababu ya njia. Dhahabu ya Kilo ilijulikana kwa wazungu mwaka 1903, na tangu hapo Wabelgiji walihitaji kuingiza mashine, chumvi, vitambaa na saruji, na kutoa dhahabu. Kupitia bahari ya Atlantiki na mto Kongo ilikuwa mbali sana. Basi wakatumia pia njia ya mashariki. Mzigo ulitoka Mombasa kwa treni, ukavuka ziwa Viktoria mpaka Jinja, ukapanda treni nyingine mpaka Namasagali (reli hiyo ilikamilika mwaka 1912), ukapita ziwa Kyoga kwa meli mpaka Masindi Port, ukaenda kwa barabara mpaka Butiaba, halafu ukavuka ziwa Albert na kushuka Kasenyi au Mahagi-Port. Hesabuni ni mara ngapi watu walibeba mzigo uleule! Upande wa magharibi, reli nyembamba ya Vicicongo ilifika Mungbere mwaka 1937 na kuishia pale. Kilichobaki ni kazi ya malori.

Ukitazama ramani utaona Bunia iko wapi katika mambo hayo. Kasenyi iko chini, mashariki. Migodi ya Kilo iko kaskazini. Irumu, ambako serikali ya mkoloni ilikaa kwanza, na Komanda ambako barabara inagawanyika kwenda Mambasa na Beni, ziko kusini-magharibi. Lori lolote lilipita hapa. Palipopita malori palikuja maduka ya Wagiriki, karakana, ghala, ofisi, na mwishoni Bunia ikaipita Irumu yenyewe. Hata leo duka kubwa liko kando ya bulvari ya Libération, na mwuza mafuta ya chupa, yule tunayemwita Kadhafi, anaweka meza yake pale magari yanapopunguza mwendo. Hakuna mtu wa mipango aliyemfundisha.

Lakini mkoloni aliweka pia jambo baya. Kama katika miji mingine ya Kongo, alitenga mahali pa wazungu, karibu na ofisi na maduka, na mahali pa weusi, mbali kidogo. Mfanyakazi ndiye aliyetembea asubuhi na jioni, na gharama ya njia ilikuwa juu ya miguu yake. Uhuru ulifuta sheria hiyo, haukufuta mpango wa nyumba.

Nairobi pia ilianza hivyo, kama kambi ya reli mwaka 1899. Ila pale, shirika la reli lilijenga nyumba za wafanyakazi Muthurwa, karibu na stesheni. Zilikuwa nyumba ndogo za kubanana, sizisifu, lakini mtu aliamka na kuwa kazini kwa muda mfupi. Siku hizi Dar es Salaam wanatafuta jambo lilelile kwa njia nyingine. Mabasi yaendayo haraka yalianza mwaka 2016 kati ya Kimara na katikati ya mji, yakiwa na njia yao peke yao. Wazo ni kwamba nyumba, maduka na kazi zisogee kwenye vituo, mji upande juu badala ya kutawanyika mashambani. Faida ni nyingi: muda unapungua, moshi unapungua, bomba moja la maji linahudumia watu wengi. Hatari pia ipo. Kiwanja kikiwa karibu na kituo, bei inapanda, na mpangaji maskini anafukuzwa wa kwanza. Mji usipoweka nyumba za bei ndogo palepale, faida inakwenda kwa wenye viwanja tu.

Sisi tuna somo letu la karibu zaidi. Mwezi wa tano mwaka 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka na mapigano yakaingia ndani ya mji, watu walikimbilia wapi? Kambi ya MONUC, na uwanja wa ndege. Walijua kwamba mahali ambapo ndege inatua ndipo msaada utafika kwanza. Na kweli, mwezi wa sita askari wa operesheni Artemis walishuka kwenye uwanja huohuo, na kambi ya wakimbizi wa ndani ikabaki hapo muda mrefu baada ya wao kuondoka.

Mwaka 2018 waliokimbia Djugu walipiga mahema karibu na Hospitali Kuu. Palikuwa pabaya, hema juu ya hema, na vyoo havikutosha. Mwaka 2019 wakahamishiwa Kigonze, ambako kuna nafasi. Kwa afya ilikuwa afadhali, siwezi kusema vinginevyo. Ila kazi ndogondogo za kufua, kubeba mizigo na kuuza maandazi ziko mjini, na kila hatua iliyoongezwa ilipunguza siku ya kazi. Waliopima nafasi ya hema wangepima pia njia ya kwenda sokoni.

Mji unapanuka kila mwaka, kwa sababu barabara ya kitaifa namba 27 haijatulia na vijiji vinaendelea kumwaga watu hapa. Viwanja vinakatwa mbali, bila kituo wala soko. Hatuna haja ya kungoja treni. Basi dogo linalopita Kigonze saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni, kwa bei inayojulikana, pamoja na soko dogo na kituo cha afya pale linaposimama, ni kazi ambayo meya na komini wanaweza kuanza nayo. Na kituo cha magari ya Komanda, Mahagi na Kasenyi kibaki pale ambapo mtu anashuka na kufika sokoni kwa miguu.