Bei ya Mlango

Januari 2023 nilikuwa nyumbani Makambako. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi babu akaniambia nimsindikize kwenye banda la kahawa jirani na stendi. Mabasi ya Songea, Mbeya na Dar es Salaam yalikuwa yanapishana kwenye matope, na watu wa banda wakisalimiana "kamwene" bila kutoa macho kwenye redio. Redio ilikuwa inamjadili Feisal Salum.

Babu hakuwa mtu wa mpira. Alisikiliza kwa muda, kisha akaniuliza, "Alitakiwa kulipa ngapi ili aondoke?"

"Milioni 100, babu. Na mishahara ya miezi mitatu, milioni 12."

"Kalipa?"

"Kalipa. Klabu imemrudishia hela."

Babu akaweka kikombe chini. "Basi huyo ni manamba."

Banda zima likacheka, isipokuwa mashabiki wawili wa Yanga ambao walianza kumweleza mzee kwamba mkataba ni mkataba. Nami nilicheka. Lakini mwaka uliofuata nilianza shahada ya uzamili ya historia, na neno lile la babu limenisumbua kuliko vitabu vingi nilivyosomeshwa.

Kwa waliokuwa mbali na redio mwaka ule: Feisal, ambaye nchi nzima inamwita Fei Toto, alijiunga na Yanga mwaka 2018 akitokea JKU ya Zanzibar. Mkataba wake ulikuwa ufike hadi Mei 2024. Desemba 2022 aliingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu, kwa hoja kwamba mkataba wenyewe unamruhusu kuondoka kwa kulipa kiasi hicho. Yanga haikukubali kwamba kuweka fedha benki kunatosha kuumaliza mkataba, ikazirudisha. Januari 2023 kamati ya TFF inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji ikaamua kwamba Feisal bado ni mchezaji wa Yanga. Aliomba uamuzi upitiwe upya, akashindwa. Alifika hatua ya kuwaomba wananchi wamchangie gharama za kwenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS. Mwisho wa yote haukutoka mahakamani. Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaalika Yanga Ikulu baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na hapo akawaomba walimalize suala la Fei Toto. Siku chache baadaye Azam ikamtambulisha kuwa mchezaji wake.

Nani alikuwa sahihi? Sina haraka ya kujibu. Ninachotaka kueleza ni kwa nini mzee wa Kibena aliyewahi kukata mkonge aliisikia habari ile ya mpira akakumbuka ujana wake.

Babu aliondoka Njombe miaka ya 1950 kwenda Tanga. Si yeye peke yake. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa shamba la kuvuna watu. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, fedha ilikuwa kwenye mkonge, na mkonge ulikuwa mbali. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya pamoja ya kuajiri vibarua, SILABU, iliyowasomba watu kutoka mikoa ya mbali. Waliosafirishwa kwa utaratibu huo ndio walioitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba.

Kazi ilihesabiwa kwa kipande: kadi yenye siku 30 za kazi, ambazo ulipaswa kuzimaliza ndani ya siku 42. Siku isiyokamilika haikuhesabiwa. Na mkataba ulikuwa na sifa moja ambayo vijana wa leo tunaisahau. Kuuacha kabla ya wakati halikuwa suala la madai kati ya watu wawili. Lilikuwa kosa la jinai. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 iliruhusu kibarua mtoro ashtakiwe, atozwe faini au afungwe.

Babu alitoroka mara moja. Alituambia alikuwa amebakiza siku 9 kumaliza kipande. Siku 21 za jasho akaziacha pale shambani, akatembea usiku. Hakuwahi kusema "nilitoroka". Siku zote alisema, "Nililipa nikaondoka."

Feisal si manamba, na ningekuwa namdanganya msomaji nikisema hivyo. Hakuna aliyetishia kumfunga. Mshahara wake wa mwezi babu asingeuota. Lakini swali ni lile lile, na wanasheria wanalo jina lake: kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba ni nini hasa? Ni bei ya mlango, kwamba ukilipa unatoka kwa amani? Au ni faini ya kubomoa ukuta, ambayo mwenye nyumba anaweza kuikataa na kudai ukuta wake?

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inaligusa jambo hili kwenye kifungu cha 74. Kifungu hicho kiliigwa kutoka sheria ya India ya mwaka 1872. Kinasema pale mkataba unapovunjwa na ulikuwa umetaja kiasi cha kulipwa, aliyeumizwa anastahili fidia ya haki, isiyozidi kiasi hicho. Yaani namba iliyoandikwa ni dari tu. Mahakama bado inaweza kuuliza: umepoteza nini kweli? Lakini kifungu hicho kinahusu mkataba uliovunjwa. Kama namba ni bei ya mlango, hakuna kilichovunjwa, na anayelipa anapita. Ndiyo maana kesi za namna hii huanza kwa kubishana juu ya neno moja kwenye kipengele kimoja.

Nilipokuwa nasoma habari hizi nilikutana na Wamarekani, ambao wamezigeuza kuwa karibu mchezo wa pili. Kule vyuo vikuu hucheza ndani ya jumuiya. Vyuo kadhaa vinaungana, vinapangiana ratiba, vinauza haki za televisheni kwa pamoja na kugawana mapato. Hakuna kushuka daraja. Chuo kinachotaka kupanda hakina ngazi ya kupandia isipokuwa kuihama jumuiya yake, kwa hiyo jumuiya nyingi huweka ada ya kujitoa. Septemba 2012 jumuiya iitwayo ACC iliongeza ada yake hadi zaidi ya dola milioni 50. Chuo Kikuu cha Maryland kilipiga kura ya kupinga. Miezi miwili baadaye kikatangaza kuhama. Jumuiya ikashitaki North Carolina, Maryland ikashitaki nyumbani kwake, kila upande ukitafuta hakimu wa kwao. Mwaka 2014 walipatana kwa takriban dola milioni 31. Dari iliandikwa 52, mlango ukafunguka kwa 31.

Lakini kesi iliyonigusa zaidi ni ya waliobaki. Mwaka 1978 Mkenya Henry Rono, mwanafunzi wa Washington State katika mji mdogo wa Pullman, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Chuo chake kilikuwa kwenye jumuiya ya Pwani ya Pasifiki, yenye mizizi ya tangu mwaka 1915. Kuanzia 2022 hadi 2023 vyuo 10 kati ya 12 viliamua kuondoka kufuata fedha za televisheni. Vikabaki viwili, Washington State na Oregon State. Kanuni zilisema chuo kikitoa notisi ya kujitoa kabla ya 1 Agosti 2024 kinapoteza kiti kwenye bodi. Wawili wale wakaenda mahakamani kudai kwamba waliobaki ndio wenye nyumba. Novemba 2023 jaji akakubaliana nao, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuingilia. Kabla mwaka haujaisha, wanaoondoka wakakubali kuacha sehemu ya mapato yao. Rono alifariki Nairobi Februari 2024, miezi michache kabla jumuiya aliyoikimbilia haijasambaratika.

Waliobaki Pullman walikuwa na kanuni ya kushika mkononi. Kwetu je?

Mwaka 2017 Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu. Msimu ule Yanga walikuja hadi uwanja wa Sabasaba, na sisi wa Makambako tulijazana kwenye daladala kwenda kushuhudia. Msimu mmoja tu, tukashuka. Iliuma, lakini hapakuwa na wa kumlaumu. Jedwali la ligi halina wakili. Ulishindwa uwanjani, unaondoka bure.

Kisha ikaja habari ya majirani zetu. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, mkoani Mbeya, bonde la mpunga. Novemba 2022 iliifunga Yanga 2-1 na kuikatisha safari ya michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Wiki ile Mbarali ilijulikana nchi nzima. Mwaka 2024 timu ikahamia Singida, ikabadili na jina, leo ni Singida Black Stars. Haikushuka daraja. Nafasi ya ligi ilihama pamoja na mmiliki, kama mtu anavyohamisha duka. Mama aliyekuwa anauza chai nje ya uwanja, watoto waliokuwa wanaokota mipira, vijana walioamini kuna timu ya kwao ya kufanyia majaribio: hakuna kipengele kilichowataja, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa wamepoteza nini.

Si kwamba hesabu hiyo haiwezekani. FIFA inazitaka klabu zinazouziana mchezaji kutoka nchi moja kwenda nyingine zitenge asilimia 5 ya ada kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Maana yake wanaotunga kanuni wanajua kwamba anayeondoka amebeba jasho la watu wengi. Wanachagua tu nani aandikwe. Zamani waliandikwa wenye mashamba. Leo wanaandikwa wenye klabu, na polepole, kwa mapambano ya kina Fei Toto, wachezaji. Miji bado haijaandikwa.

Babu alifariki kabla sijamaliza mwaka wa kwanza. Mwezi uliopita mdogo wangu, mwenye miaka 19, alinitumia picha za mkataba wake wa kwanza wa mpira, kurasa nne. Alitaka nimwambie kama mshahara ni mzuri. Nilianzia ukurasa wa mwisho kwenda wa kwanza nikitafuta mlango. Kulikuwa na sababu saba ambazo klabu inaweza kumwacha, na hapakuwa na hata moja ya yeye kuondoka.

Nikampigia.

"Usisaini kwanza," nikamwambia. "Waulize, ukitaka kutoka unatokaje, kwa bei gani, na ukilipa wataipokea."

Akakaa kimya. "Kaka, sijaingia hata, nawezaje kuuliza habari ya kutoka? Si wataniona nina dharau?"

Nikamsimulia kuhusu siku 21 za babu.