Amana Iliyorudishwa

Twamkumbuka Rashidi Mfaume Kawawa, mwana wa Songea, aliyezaliwa mwaka wa 1926. Kwanza aliongoza vyama vya wafanya kazi wa Tanganyika. Mwezi wa Januari 1962 Julius Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu, apate kukiimarisha chama cha TANU. Kawawa akashika mahali pake. Miezi 10 na zaidi serikali ilikuwa mkononi mwake. Desemba nchi ikawa jamhuri: Nyerere akawa Rais, naye Kawawa Makamu wake, wala hakung'ang'ania enzi. Mwaka wa 1972 akawa tena Waziri Mkuu, hata 1977. Alifariki mwaka wa 2009. Basi, wajuao kupokea cheo ni wengi. Wajuao kukirudisha twawahesabu kwa vidole.