Meli ya vita iliyoturudisha nyumbani



Kwenye kikao cha mwezi uliopita, tulipomaliza michango ya msiba, mama mmoja wetu alifungua kopo la maziwa ya unga akatoa karatasi ya HCR iliyokunjwa mara nne. Juu yake kuko jina lake, majina ya watoto watatu, tarehe ya mwaka 1997 na neno moja limepigwa mashine: LIEMBA. Wengi mnajua shida yake. Aliporudi alikuta mtu amejenga kwenye parsele yake. Walielewana, wakagawana, na leo watoto wa yule mtu wanataka kuuza yote. Wanasema mama alikuja juzi tu, na kwamba 1997 hakuna meli iliyoleta watu hapa.

Kijana mmoja wetu aliyezaliwa makimbizini akauliza: «Liemba njo nini? Ni kampi?» Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana hata wakubwa waliocheka, ukiwauliza ile meli ilitoka wapi, wanajibu tu Kigoma. Kumbe ilizaliwa kuwa meli ya vita, na vita vyenyewe vilikuwa juu ya pwani yetu.

Turudi 1914. Upande ule wa ziwa kulikuwa Mjerumani, upande huu Mbeleji. Mjerumani alikuwa na meli mbili ndogo zenye mizinga, Kingani na Hedwig von Wissmann. Mbeleji alikuwa na moja ya maana, Alexandre Delcommune. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani walipiga Mokolubu, kusini ya Uvira. Walifanya nini pale? Waliharibu mitumbwi na kukata nyaya za simu. Siku saba baadaye, tarehe 22, Hedwig ikashuka mpaka Lukuga, kule Kalemie ya leo, ikapiga Delcommune mpaka ikawa haiwezi tena kutembea. Baadaye Wabeleji waliitengeneza na kuiita Vengeur, yaani mlipa kisasi, lakini kwa wakati ule ziwa lote likabaki mkononi mwa Mjerumani.

Naomba mukumbuke jambo la mitumbwi ya Mokolubu. Vitabu vya wazungu vinalipita kwa mstari mmoja. Sisi tunajua mtumbwi ni nini: ni ndagala za jioni, ni soko la Baraka, ni njia ya kukimbia. Vita vya dunia vilipofika kwetu, cha kwanza kuvunjwa kilikuwa chombo cha mvuvi.

Waingereza walileta dawa ya ajabu. Mwezi wa sita 1915 boti mbili za petroli, urefu wa metre 12 hivi kila moja, zilitoka Uingereza kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda treni mpaka Katanga, zikashushwa Fungurume. Kutoka pale hakukuwa reli. Zilikokotwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, njia ikifyekwa mbele yao, madaraja yakijengwa kwa miti. Zikashuka Lualaba, zikapanda treni tena, zikafika Lukuga mwishoni mwa Oktoba. Mkubwa wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake kule London wakakataa, akazipa majina Mimi na Toutou, ambayo kwa kifaransa cha watoto ni kitu kilekile. Basi.

Wazungu wanapenda sana hadithi hiyo, wanaisimulia kama kichekesho. Mimi ninajiuliza tu ni nani alifyeka njia ile ya Mitumba. Kwa vita vyote vya Mbeleji upande wa mashariki walichukuliwa wapagazi zaidi ya 200,000. Jina la boti tunalijua, jina la mpagazi hapana.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Tarehe 26 Desemba 1915, siku ya pili ya Noeli, Kingani ilikamatwa mbele ya Lukuga; wakaigeuza yao wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikazamishwa.

Lakini siku chache nyuma yake ilitokea meli ya tatu, ambayo Spicer-Simson alipoiona hakutaka kupigana nayo. Ilikuwa Graf von Götzen, urefu wa metre 71. Ilitengenezwa Papenburg kule Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya makasha 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, ikapanda kwa treni na ikaungwa tena Kigoma mwaka 1915. Juu yake waliweka mzinga uliotolewa kwenye Königsberg, ile manowari yao iliyozamia delta ya Rufiji. Mimi na Toutou mbele yake ni kama pirogi mbele ya balenieri.

Götzen haikushindwa na meli yoyote. Mwezi wa sita 1916 Wabeleji walitupa mabomu Kigoma kwa ndege zinazotua juu ya maji. Mzinga mkubwa wenyewe ulikuwa umekwisha kutolewa kwenda kwenye vita vya nchi kavu. Askari wa Force Publique, watu wa Congo hii, walipokaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe, tarehe 26 Julai. Mafundi walioiunga ndio walioizamisha. Kabla ya kufanya hivyo walipaka mashine zake grisi nyingi, wakitumaini siku moja watarudi.

Hawakurudi wao. Wabeleji waliiinua, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaiinua 1924, wakakuta mashine bado nzima sababu ya ile grisi. Mei 1927 ikaanza kubeba abiria na jina jipya: Liemba, jina la zamani la ziwa letu kwa watu wa upande wa kusini.

Kwa hiyo kijana, Liemba si kampi.

Meli za vita za Congo yenyewe, habari yake ni fupi. 1964 waasi wa Mulele walipokamata Uvira, silaha zao zilivuka usiku kutoka Kigoma. Kwa kuwafungia njia, Wamarekani wa CIA walileta boti za mbio zinazoongozwa na Wakuba waliomkimbia Castro. Na upande wa waasi kulikuwa Wakuba wa Castro, pamoja na Che Guevara aliyevuka kutoka Kigoma kwenda Kibamba mwezi wa nne 1965. Wakuba kwa Wakuba, juu ya maji yetu! Septemba ile Mike Hoare na mamluki wake walishukia Baraka kutoka ziwani, na Novemba Che akarudi Kigoma kwa mtumbwi wa injini. Mvuvi wa taa yeye alibaki. Usiku, kwa askari mwenye hofu, taa ya ndagala na taa ya mwasi zinafanana.

Mobutu alikuwa na Force Navale, lakini vyombo vyake vikubwa vilikuwa upande wa bahari. Leo askari wa Force Navale tunawaona Kalundu na Kalemie na boti zao za mwendo. Meli kubwa kama Götzen, Congo haijaiweka hapa, na sioni kama tunaihitaji.

Oktoba 1996 Uvira ilipoanguka tulikimbia kwa miguu njia ya Fizi, kisha kwa mitumbwi. Hakuna meli iliyokuja kutuchukua siku ile. Mwaka uliofuata, Mobutu alipokwisha kuanguka, HCR ilikodi Liemba, ikarudisha watu wa kwetu zaidi ya 75,000. Mimi ni mmoja wao. Nakumbuka harufu ya mazuti, wamama wamelala juu ya mafurushi, na muzee mmoja aliyesimama usiku kucha akishika chuma cha pembeni, akisema atakaa tu akiona Kalundu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba tunakaa mahali pa mzinga.

Vita vya 1998 viliwatoa wengi tena. Waliorudi kutoka Nyarugusu na Lugufu kuanzia 2005 walipitia Baraka, na wengi wao walipanda meli nyingine, Mwongozo. Ndiyo sababu vijana wanachanganya, na ndiyo sababu yule anayetaka kuuza parsele anapata nafasi ya kusema hakukuwa meli 1997.

Ilikuwako. Karatasi ya mama iko sawa na historia. Wazee wa avenue watakaa tena juu ya maneno hayo jumamosi ya pili ya mwezi ujao, asubuhi. Ni wewe ulipanda Liemba 1997? Ni mtu wa kwenu? Uje na karatasi yako, hata kama imekatika. Kama umeipoteza, uje hivyo hivyo, useme ulishuka siku gani na ulikuwa na nani. Katibu ataandika majina.