Nafasi ya Mzazi na Mipaka ya Sheria katika Michezo ya Video ya Watoto

Mjadala kuhusu mchezo wa video unaomfaa mtoto, na saa anazostahili kuucheza, mara nyingi huelekezwa kwa serikali na kampuni za michezo, huku mzazi akichukuliwa kuwa mlalamikaji asiye na uwezo. Makala haya yanadai kwamba sheria huweza kumsaidia mzazi lakini haiwezi kushika nafasi yake, na kwamba ushawishi wake hutokana zaidi na kuufahamu mchezo kuliko kuupiga marufuku.

Mfano wa Korea Kusini unadhihirisha hoja hiyo. Mwaka 2011 nchi hiyo ilianza kutekeleza sheria iliyowakataza watoto wa chini ya miaka 16 kucheza michezo ya mtandaoni kwenye kompyuta kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kuwa umri ulithibitishwa kwa namba ya usajili ya mkazi, mtoto aliyeijua namba ya mama au baba yake aliweza kuingia kwa jina la mzazi na kukesha akicheza kama mtu mzima. Aidha, michezo ya simu haikuguswa na katazo hilo, hivyo kadiri wachezaji walivyohamia kwenye simu, ndivyo sheria ilivyopoteza maana. Ilipofutwa kuanzia mwaka 2022, ulibaki utaratibu ambao mzazi au mtoto huomba mwenyewe saa za kucheza ziwekewe mipaka. Kwa maneno mengine, uamuzi ulirudishwa nyumbani.

Huko nyumbani, mzazi ana njia kuu tatu, ambazo watafiti wa Uholanzi Peter Nikken na Jeroen Jansz walizibainisha mwaka 2006: udhibiti, yaani kuweka masharti, uelekezi, yaani kuzungumza na mtoto juu ya yaliyomo mchezoni, na kucheza pamoja naye. Udhibiti pekee humfundisha mtoto kujificha, ilhali mzazi anayekaa kando yake huona, kwa mfano, kisanduku kinachonunuliwa kwa fedha halisi bila mnunuzi kujua kilichomo, biashara ambayo mwaka 2018 mamlaka za Ubelgiji ziliiona kuwa aina ya kamari, na hapo hapo akamweleza mtoto hasara yake.

Inaweza kupingwa kwamba wazazi wengi hurudi kazini wamechoka na hawaijui teknolojia hiyo. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inachodai ni taarifa nyepesi kueleweka, si mbadala wa mzazi. Alama za umri za mfumo wa PEGI, zinazotumika Ulaya tangu 2003 kwa viwango vya miaka 3, 7, 12, 16 na 18, zinatoa taarifa ya namna hiyo, ingawa hazina faida yoyote mzazi anapolipia mchezo bila kuzitazama. Kwa hiyo, sera yenye busara ni ile inayomwezesha mzazi kujua anachokiruhusu, kisha ikamwachia wajibu wa kuruhusu au kukataa.