Mnywa Sele na Hongo ya Unyanyembe

Katika karne ya 19 njia kuu za misafara ya bara zilikutana Unyanyembe, penye Tabora ya leo. Moja ilitoka pwani kwa kupita Ugogo. Ya pili ilikwenda magharibi hata Ujiji. Ya tatu ilielekea ziwani, ikipita nchi ya Wasukuma, ambayo sehemu yake leo imo katika Mkoa wa Shinyanga. Na nyingine ilipita Uzinza, upande wa Geita, kwenda Karagwe na Buganda. Mtemi wa Unyanyembe, basi, aliketi penye fundo la njia hizo zote.

Mtemi Fundikira aliwaachilia Waarabu wa Tabora wasilipe ushuru. Alipofariki mwaka 1858, kiti alikitwaa Mnywa Sele, naye akaamuru kila bidhaa iingiayo katika nchi yake itozwe. Wafanya biashara walikataa. Mwaka 1860 wakamwondoa, wakamtawaza Mkasiwa, mtu wa ukoo huo huo. Utawala wa Mnywa Sele haukutimiza miaka mitatu.

Kutoza hakukuwa jambo geni. Wagogo walitoza hongo kubwa, na misafara ililipa, kwa kuwa ilihitaji maji yao. Lakini Wagogo waliwatoza wapita njia. Mnywa Sele aliwatoza watu waliokwisha jenga nyumba katika nchi yake. Na baadhi yao walikuwa wameoa katika jamaa ya watemi, kama Muhammad bin Juma aliyemwoa Karunde, binti Fundikira. Zaidi ya hayo, walikuwa na bunduki na baruti. Mgeni alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji, na mtemi alichelewa kulitambua jambo hilo.

Mnywa Sele alikimbilia porini, akashambulia misafara. Januari 1861 alikutana na Speke katika Mgunda Mkali, akamwomba amsuluhishe na Waarabu. Suluhu haikupatikana. Mwaka huo huo Snay bin Amir, mkubwa wa wafanya biashara wa Tabora, aliuawa vitani, na Speke mwenyewe alikwama miezi mingi kwa kukosa wapagazi. Mwaka 1865 Mnywa Sele alikamatwa, akakatwa kichwa.

Mkasiwa alitawala hata 1876, walakini watu walijua ni nani waliomkalisha. Huko Urambo, Mirambo alijenga nguvu zake mbali na nyumba za Waarabu. Naye alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, vita viliendelea miaka kadhaa, wala hawakuweza kumng'oa.

Habari za Mnywa Sele zimetufikia hasa kwa kalamu ya Speke, aliyekuwa mgeni wa adui zake. Na neno lenyewe limegeuka: hongo, iliyokuwa haki ya mwenye nchi, leo ni jina la rushwa. Azisomaye habari hizo hana budi kuikumbuka maana ya kwanza, asije akamhukumu mtemi kwa maana ya pili.