Sare, ada na lelemama: kina mama walioifanya Dar kuwa mji

Mkesha mmoja wa harusi, Magomeni, niliitwa kusaidia kubeba masufuria, nikaishia kutazama daftari. Lilikuwa daftari la jalada gumu, limevikwa karatasi ya kalenda ya zamani, kalamu imefungwa kwa uzi ili asiondoke nayo mtu. Mama aliyelishika alikuwa na miwani iliyokatika mkono mmoja. Kila aliyeingia uani alisalimu, akafungua fundo kwenye ncha ya kanga, akatoa noti. Mama akalamba kidole, akatafuta ukurasa, akaandika jina, mtaa na kiasi, kisha kando akatia alama ndogo kwa kalamu nyekundu. Nilipomuuliza ile alama ni ya nini, alinieleza kama anayemfundisha mtoto: huyu alipofiwa tulimpelekea pilau na sanda, kwa hiyo leo hatoi, analipa.

Nyuma yake kina mama kama thelathini walikuwa wamevaa kanga za aina moja, doti mpya ambazo bado zinanukia duka. Aliyekuja na kanga nyingine alipokewa vizuri tu, akapewa kiti pembeni.

Mtu mgeni akiulizwa Dar es Salaam ni mji gani, atataja foleni, joto na bandari. Mimi nitataja ule ua. Na sare ile, na ada ile, na lile daftari lisilosahau, vina historia ndefu kuliko wengi tunavyodhani. Vimepita mikononi mwa wacheza ngoma.

Dar ni mji wa watu waliotoka kwingine. Sultani Majid wa Zanzibar aliuanzisha miaka ya 1860, Wajerumani wakaufanya makao makuu mwaka 1891, Waingereza wakatuachia hata jina la Kariakoo, kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Sensa ya 1948 ilikuta watu wapatao 69,000; ile ya 1957 ikakuta karibu 129,000. Wazaramo walikuwa kwao, lakini Wamanyema, Wamatumbi, Wandengereko, Wanyamwezi na Wangoni walifika na fungu la nguo. Wanawake nao walikuja, wengine wakiwafuata waume, wengine wakiwakimbia. Aliyekuwa na akili na bahati alipika vitumbua, akauza samaki au pombe, akajenga nyumba ya vyumba sita Kariakoo, akawa mama mwenye nyumba.

Shida ya mtu wa namna hiyo ni moja: akifa nani atamwosha? Kijijini jibu ni ukoo. Mjini ukoo uko mbali, na barua inachukua wiki. Hapo ndipo kilipoingia chama cha ngoma. Uliingia kwa ada, ukapewa wenzio wa kukuchezea ukiozesha na kukulilia ukifiwa. Kiswahili kina jina lake, kufa na kuzikana. Ngoma ilikuwa ndiyo uso, na mazishi ndiyo mifupa ya chama.

Ngoma yenyewe iliyotawala mwambao, tangu Mombasa hadi Unguja, Tanga na Dar, ni lelemama. Asiyewahi kuiona asitegemee viuno. Kina mama husimama safu, nguo moja, mabega yametulia, wakaichezesha mikono na shingo taratibu mno, kama mtu anayechunguza kitambaa kabla ya kukinunua. Mwili unanong'ona. Maneno ndiyo yanayochanja. Mwimbaji anaweza kumtaja jirani bila kumtaja: nyumba yake, mume wake, deni lake, na safu nzima ikaitikia kwa sauti tamu. Anayesemwa anajijua. Naye hana la kufanya ila kurudi kwao, kuwakusanya wenzake, na kutunga jibu.

Kwa hiyo lelemama haikuchezwa peke yake. Ilihitaji mshindani. Wanaume walikuwa na mtindo huohuo kwenye beni, ngoma ya gwaride na tarumbeta iliyoenea Afrika Mashariki baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambamo Marini walijiona watanashati na Arinoti wakaonekana wachapakazi. Kila upande ulikuwa na wakubwa wake wenye vyeo vya kizungu. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi, na wanawake wa mji nao wakajigawa kwa majina hayohayo. Baadaye wakaja Ibinaal Watan na Banu Saada, wapinzani ambao historia yao ilichimbwa kwa undani na Margaret Strobel katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa. Vyama vilikuwa na vyeo, na cheo kililipiwa kwa karamu. Ukitaka kupanda, ulishe. Chama hiki kikichinja ng'ombe wawili, kile kinatafuta watatu. Wapo waliouza dhahabu zao ili wasiaibike mbele ya wapinzani, na wanaume wa dini na wa serikali walilalamika kwa pamoja, jambo ambalo si la kawaida. Wa dini waliita israfu. Wa serikali walitaka kibali kwa kila ngoma.

Malalamiko yale yana ukweli wake. Mtu anayeuza mkufu ili apigiwe vigelegele usiku mmoja anastahili kuulizwa maswali. Lakini ndani ya vyama vile vile mjukuu wa mtumwa alisimama safu moja na binti wa nyumba kubwa, na mara nyingine akawa yeye ndiye mwimbaji, yule mwingine akaitikia. Sijui chombo gani kingine cha mjini wakati ule kilichoruhusu hilo.

Unguja nako kulikuwa na vyama vya taarab vya wanawake, Sahib el-Ari na Nuru el-Uyun, na kimoja ambacho, kwa kuwa ulikuwa wakati wa ndege za kivita, kilijiita Royal Air Force. Msomaji acheke tu. Jina la chama lilikuwa nusu ya vita. Ulichukua jina la kitu chenye nguvu kuliko vyote unavyovijua, ukalivaa kama bangili.

Dar haikubaki nyuma. Miaka ya 1950 mji ulikuwa na Bomba, Warumba, Ratusudan na Safina. Kulikuwa hata na kikundi kilichojiita British Empire. Bomba ndicho alichokiimbia kijana mmoja wa kike aliyezaliwa mjini mwaka 1926, elimu yake ya shule darasa la nne, sauti yake ya kusikika mtaa wa pili. Jina lake Titi Mohamed.

Hapa historia rasmi huanza kunguruma, nami naomba twende pole. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka mmoja baadaye akaja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza swali la kawaida kabisa: wanawake wenu wako wapi? Viongozi wakatazamana. Wake zao hawakuwa tayari kutoka mbele ya mgeni, au wao hawakuwa tayari kuwatoa. Ndipo mmoja wa wazee wa mji, Schneider Plantan, alipoikumbuka nyumba ya Boi Selemani, dereva wa teksi, mwenye kadi ya TANU namba 15. Namba 16 ilikuwa ya mkewe, Titi.

Alichofanya Titi ndicho kinachonivutia kuliko hotuba zote zilizofuata. Hakwenda mlango kwa mlango kumshawishi mtu mmojammoja. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyezungumza naye na wenzake kwa miaka, ameandika jinsi alivyopita kikundi kwa kikundi, akiwaomba wakubwa wa kila chama walete watu wao. Mama mkubwa wa chama akikubali, safu nzima imekubali, ndiyo desturi. Kufikia Oktoba 1955 alikuwa ameandikisha wanawake wapatao 5,000.

Fikiria kilichokuwepo tayari. Mweka hazina anayeaminika. Utaratibu wa ada. Namna ya kupeleka habari toka Gerezani hadi Ilala kabla jua halijazama, bila simu wala karatasi. Watu wa makabila ishirini wanaoimba kwa Kiswahili kimoja na kuvaa doti moja. Kina mama ambao, kwa kuwa wengi waliishi kwa jasho lao, hawakuhitaji ruhusa ya mtu kutoa shilingi. Vijana wasomi wa TANU walikuwa na katiba ya chama. Kina mama walikuwa na chama. Tunasimulia kwamba siasa iliwaamsha wanawake wa Dar. Ukiangalia tarehe, utaona siasa iliingia kwenye ua uliokwisha kufagiwa.

Walichukua pia silaha ya zamani, ile ya maneno. Nyimbo zilizokuwa zikimchanja jirani ziligeuzwa zimchanje mkoloni, na umati uliozoea kufumbua mafumbo haukuhitaji kutafsiriwa. Polisi angeandika nini kwenye ripoti yake? Kwamba kina mama waliimba kuhusu mgeni asiyejua kuaga?

Baada ya uhuru ua ulihamishwa. Mwaka 1962 ikaundwa UWT, jumuiya ya wanawake, Bibi Titi mwenyekiti wake wa kwanza, ikiwa na ofisi, mihuri na matawi. Vikundi vya ngoma vikafifia kimoja kimoja, maana heshima ilikuwa imehamia kwenye jumuiya. Kisha likaja Azimio la Arusha, 1967, likamkataza kiongozi kupangisha nyumba. Kwa wengi lilikuwa pigo kwa mabepari. Kwa mwanamke wa Dar nyumba ya kupangisha ilikuwa pensheni yake, na mara nyingi ndiyo mali pekee ambayo mume hakuweza kuondoka nayo. Bibi Titi aliachia uongozi. Mwaka 1969 alikamatwa kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoka kwa msamaha 1972. Alifariki mwaka 2000. Barabara yenye jina lake inapita pembeni ya Mnazi Mmoja, na daladala zinaitamka kila siku.

Utani wa vyama ulitafuta njia nyingine, kama maji yanavyofanya. Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star, na miaka ya 1990 Dar ikapata vikundi vya taarab, TOT dhidi ya Muungano, Khadija Kopa akiwa jukwaani na kina mama wakinyanyuka kutunza noti kwa mwimbaji huku jicho liko kwa adui aliyeketi meza ya tatu. Waliokuwa wakiandika magazetini kwamba mipasho ni uhuni wa kisasa walikuwa wanaona kitu cha tangu enzi za bibi zao. Kilichokuwa kipya ni spika.

Na leo? Vikoba, upatu, vikundi vya mtaa vyenye jina, rangi na akaunti ya fedha kwenye simu. Sare sasa ni dera au kijora, na picha ya kitambaa hutumwa kwenye kundi la WhatsApp wiki tatu kabla, pamoja na bei na jina la mwenye duka Kariakoo. Asiyenunua hufiwa vilevile, na wenzake watakwenda, lakini watakwenda na nguo za kawaida. Wanaojua kusoma mavazi watakuwa wamesoma.

Ule usiku wa Magomeni, yapata saa tano, umeme ulikatika. Muziki ukazima. Kulikuwa na kimya cha pumzi mbili hivi, kisha bibi mmoja aliyekaa karibu na ukuta akaanza kupiga sinia la bati kwa kijiko, polepole. Thelathini wakasimama safu bila kuambiwa. Mama wa daftari alilifunga, akalikalia, akaanza kuchezesha mikono.